Oili ya injini ikibadilika sura: mambo ya kujua kabla ya kufika mpakani

Wasafirishaji wengi wa ukanda huu wanajua bei ya dizeli katika kila kituo kuanzia Bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma, au kuanzia Mombasa hadi Malaba. Ni wachache wanaoweza kueleza oili iliyomo ndani ya injini ya gari lao ilikuwa na rangi gani asubuhi ya leo. Kazi hiyo wameachiwa utingo, naye mara nyingi huangalia kitu kimoja tu, yaani kama oili ipo au haipo.

Oili haipungui tu. Hubadilika rangi, harufu na uzito, na kila badiliko lina sababu yake ndani ya injini. Anayeijua sababu hiyo mapema hutengeneza gasketi au kipoza oili. Anayechelewa kuijua hutengeneza injini nzima, tena pengine katikati ya Singida na Nzega, mzigo wa mteja wa Kigali ukiwa bado na lakiri za forodha.

Makala haya yanaeleza sura mbalimbali za oili, maana ya kila moja, vipimo vidogo ambavyo dereva anaweza kufanya mwenyewe barabarani, na hesabu inayomsaidia mwenye gari kuamua kama safari iendelee au isimame.

KAZI YA OILI

Oili hufanya kazi zaidi ya kulainisha vyuma. Hupoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, kama sehemu ya chini ya pistoni na beringi za tabo. Huziba nafasi ndogo kati ya ringi na laina. Hubeba masizi na uchafu na kuupeleka kwenye filta. Vilevile huzuia kutu na hupambana na asidi inayotokana na kuungua kwa mafuta.

Kwa kuwa oili hupita kila mahali, huchukua habari za kila mahali. Maji yakivuja kutoka kwenye njia zake, yataonekana kwenye oili. Dizeli ikidondoka kutoka kwenye nozeli, itaonekana kwenye oili. Chuma kikisagika, vumbi lake litaonekana kwenye oili. Kwa sababu hiyo dipstiki ni kama taarifa ya benki: haisemi kila kitu, lakini inaonyesha kilichoingia na kilichotoka.

NAMNA YA KUPIMA

Kipimo kisicho sahihi huleta uamuzi usio sahihi. Egesha gari mahali pa tambarare. Wakati mzuri zaidi ni asubuhi kabla ya kuwasha, kwa sababu oili yote imeshuka kwenye sampu. Kama injini imetoka kufanya kazi, izime na usubiri angalau dakika 5 hadi 10. Kwa lori kubwa subiri zaidi.

Chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa cheupe, irudishe hadi mwisho, kisha ichomoe tena. Usome mambo manne. La kwanza ni kimo, la pili ni rangi, la tatu ni harufu, na la nne ni jinsi oili inavyohisika ukiisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Kisha fungua kizibo cha kujazia oili juu ya injini na uangalie upande wake wa ndani. Kama injini imepoa kabisa, fungua na kizibo cha rejeta. Usikifungue injini ikiwa ya moto, kwani maji yanayochemka huruka na kuunguza.

Yaandike uliyoyaona kwenye daftari la gari pamoja na tarehe na kilomita. Kipimo cha siku moja kinasema kidogo, lakini vipimo vya siku 10 vinaonyesha mwelekeo.

OILI NYEUSI

Tuanze na sura inayowatisha wengi bila sababu. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi haraka, wakati mwingine ndani ya siku moja tu baada ya kubadilishwa. Weusi huo ni masizi ya dizeli, na oili nzuri ina dawa ya kuyashika masizi hayo yasigandane. Oili ya dizeli yenye weusi inaonyesha kwamba inafanya kazi yake ya kusafisha.

Kwa injini ya petroli mambo ni tofauti kidogo. Oili huanza na rangi ya asali, ikawa kahawia, kisha ikaelekea kwenye weusi kadiri kilomita zinavyoongezeka. Ikiwa nyeusi kabisa mapema mno, huenda injini ilikuwa na uchafu wa zamani unaosafishwa na oili mpya, au gesi za moto zinapita kwenye ringi zilizochakaa.

Kwa hiyo usimwage oili kwa sababu ya rangi nyeusi peke yake. Angalia kilomita na saa. Lori linalosubiri mpakani injini ikiwaka halisogezi namba za kilomita, lakini oili yake inaendelea kuchoka. Msafirishaji anayehesabu kilomita tu hujidanganya, hasa kama magari yake hukaa sana kwenye foleni.

OILI YENYE RANGI YA CHAI YA MAZIWA

Hii ndiyo sura ya hatari inayotambulika kwa urahisi. Oili inageuka kuwa na rangi ya chai ya maziwa au kijivu, nzito kama uji. Maana yake ni kwamba maji yamechanganyika na oili.

Maji yanaweza kuingia kwa njia kadhaa:

1. Gasketi ya silinda hedi imeungua, mara nyingi baada ya injini kupata joto kupita kiasi. Dalili zinazoambatana nayo ni maji ya rejeta kupungua bila kuonekana yanakovuja, mapovu kwenye rejeta injini ikiwaka, mipira ya maji kuwa migumu, na moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto.

2. Silinda hedi au bloku imepasuka. Dalili zake hufanana na za gasketi, ndiyo maana hedi inapofunguliwa ni lazima ipimwe kabla ya kufungwa gasketi mpya.

3. Kipoza oili kimetoboka. Hiki hutokea sana kwenye malori. Injini ikiwaka, oili ina msukumo mkubwa kuliko maji, hivyo oili huingia kwenye maji na rejeta ikajaa utando wa kahawia. Injini ikizimwa, msukumo wa oili huisha lakini wa maji hubaki kwa muda, ndipo maji hurudi kwenye oili. Ukiona oili kwenye rejeta, anza kukagua kipoza oili kabla hujakubali kufungua hedi.

4. Laina zimetoboka au mipira yake ya chini imechoka. Injini nyingi kubwa za dizeli zina laina zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Mtetemo wa laina huzalisha viputo vidogo ambavyo hupasuka na kuchimba chuma mpaka kikatoboka. Dawa iliyomo kwenye maji maalumu ya rejeta hupunguza uharibifu huo. Dereva anayeongezea maji ya mtoni au ya kisimani kila anapopungukiwa huiondoa kinga hiyo kidogo kidogo bila kujua.

Kuna hali moja inayofanana na hizi lakini si ugonjwa. Utando mweupe unaweza kuonekana chini ya kizibo cha kujazia oili peke yake, huku oili ya kwenye dipstiki ikiwa ya kawaida na maji ya rejeta hayapungui. Huo ni mvuke ulioganda. Hutokea kwa magari ya safari fupi fupi, hasa sehemu za baridi kama Njombe, Mbeya au Limuru, ambapo injini huzimwa kabla oili haijapata moto wa kutosha kuyafukuza maji. Futa kizibo, tembeza gari safari ndefu injini ikiwa na joto lake la kawaida, kisha uangalie tena. Utando usiporudi, huna haja ya fundi.

Hali nyingine ni ya gari lililopita kwenye maji mengi wakati wa mvua za masika. Kama maji yalifika usawa wa injini, usiwashe kabla ya kuangalia dipstiki na chujio la hewa.

Ikiwa oili ya kwenye dipstiki yenyewe ni ya rangi ya chai ya maziwa, zima injini na usiendelee. Maji hayawezi kubeba uzito wa krankshafti kama oili inavyofanya, na dawa iliyomo kwenye maji ya rejeta hushambulia vyuma laini vya beringi. Hata nusu asilimia ya maji ni nyingi mno. Kwa injini yenye lita 35 za oili, nusu asilimia ni mililita 175, yaani chini ya glasi moja ya kawaida.

OILI NYEPESI INAYONUKA DIZELI, NA KIMO KINAPANDA

Kimo cha oili kikipanda bila mtu kuongeza, baadhi ya madereva hufurahi wakidhani injini yao haili oili. Oili haizaliani. Kuna kitu kinaingia, na kama si maji, basi ni mafuta.

Oili yenye dizeli au petroli huwa nyepesi, hudondoka haraka kutoka kwenye dipstiki, na harufu yake ni ya mafuta. Ukiisugua kwa vidole haina utelezi wa kawaida. Sababu kubwa ni nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza, mipira ya nozeli iliyochoka ndani ya hedi, sili ya pampu ya dizeli iliyokufa, au pampu ndogo ya kuvuta mafuta iliyopasuka ndani. Kwa injini ya petroli, plagi isiyochoma huacha mafuta yateremke kwenye ukuta wa silinda. Magari mapya ya dizeli yenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi nayo huweza kupata tatizo hili, kwa sababu mengine huongeza dizeli ili kuyachoma masizi, na kazi hiyo hukatizwa gari linapozimwa mara kwa mara.

Kuacha injini ikiwaka usiku kucha kwenye foleni nako kuna mchango wake. Injini isiyo na mzigo hupoa, mafuta hayaungui yote, na sehemu yake huteremka kwenye sampu.

Mafundi wengi huchukua asilimia 5 ya mafuta ndani ya oili kuwa ni kiwango cha hatari. Kwenye lita 35 hiyo ni lita moja na robo tatu, kiasi kinachoonekana wazi kwenye dipstiki kama mtu anapima kila siku. Hatari yake ni mbili. Kwanza, oili nyepesi haitenganishi vyuma, na beringi huanza kusagika. Pili, kimo kikizidi sana kwenye injini ya dizeli, injini huweza kuvuta oili yenyewe na kuichoma kama mafuta. Hapo hukimbia kasi isiyozuilika hata ukizungusha ufunguo kuizima.

OILI NZITO KAMA LAMI

Oili inayong'ang'ania kwenye dipstiki kama lami, au inayoacha matope meusi chini ya kizibo, imepita umri wake. Sababu ni kuchelewesha kumwaga oili, joto kali la mara kwa mara, masizi mengi kuliko oili inavyoweza kubeba, au kutumia oili ya daraja la chini kwenye injini yenye tabo. Kuchanganya oili za aina tofauti ovyo ovyo nako hupunguza nguvu ya dawa zilizomo.

Matope hayo huziba chujio la ndani ya sampu na njia nyembamba za kupeleka oili kwenye tabo. Filta ikiziba, kuna mlango mdogo unaofunguka ili injini isikose oili kabisa, lakini oili inayopita hapo haijachujwa. Dereva anaona gari linatembea, kumbe injini inajisaga kwa uchafu wake yenyewe.

Baadhi ya gereji husafisha injini ya namna hii kwa kumwaga dizeli ndani na kuiwasha. Njia hiyo ina hatari. Dizeli hung'oa matope kwa mabonge ambayo huenda kuziba chujio la sampu, na dizeli inayobaki huipunguza nguvu oili mpya. Njia ya taratibu ni kubadilisha oili na filta mara mbili au tatu kwa vipindi vifupi, na hali ikiwa mbaya, kufungua sampu na kuisafisha kwa mkono.

Ubora wa dizeli pia unahusika. Salfa inapoungua huzalisha asidi, na asidi humaliza dawa za oili mapema. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza mwaka 2015 kutumia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Dizeli ya madumu inayouzwa kando ya barabara haina mtu wa kuithibitisha. Anayeokoa shilingi chache kwa lita anaweza kuzilipa kwenye oili na nozeli.

OILI INAYOMETAMETA

Chukua oili kwenye kidole na uiangalie juani. Ikimeta kama rangi ya gari, kuna chembe za chuma. Injini mpya au iliyotoka kufanyiwa matengenezo makubwa huweza kuonyesha vumbi kidogo katika umwagaji wa kwanza, kwa sababu vyuma vinazoeana. Kwa injini ya zamani hiyo ni taarifa ya kusagika.

Rangi ya chembe husaidia kujua zinakotoka. Chembe zinazonaswa na sumaku ni za chuma na hutoka kwenye laina, ringi, kemshafti, krankshafti au gia. Chembe nyeupe zisizonaswa na sumaku huwa za alumini, mara nyingi kutoka kwenye pistoni, au tabaka la juu la beringi. Chembe za rangi ya shaba ni dalili mbaya zaidi, kwani tabaka la shaba la beringi huwa chini ya lile laini la juu. Ukiona shaba, ujue tabaka la kwanza limekwisha.

Hakiki kwa kukata filta ya zamani. Fungua karatasi yake, ikamue, uitandaze juani. Vumbi hafifu ni jambo la kufuatilia. Vipande vinavyoonekana kwa macho ni jambo la kusimamisha gari, hasa kama geji ya oili imeshuka au injini inagonga.

VIPIMO VINNE VYA BARABARANI

Kipimo cha kwanza ni cha joto. Weka kifuniko safi cha kopo juu ya jiko la mkaa mpaka kipate moto, kisha dondosha matone mawili ya oili. Ikitoa sauti ya kutatarika na kuruka, ina maji. Ikitoa moshi kimya kimya, haina. Fanya mbali na tangi la mafuta, kinga macho, na usifanye kama oili inanuka dizeli au petroli kwani inaweza kushika moto.

Kipimo cha pili ni cha karatasi. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe inayonyonya na uiache saa kadhaa. Doa lililotawanyika vizuri kutoka katikati linaonyesha oili bado inabeba masizi. Doa jeusi tii katikati lenye ukingo mkali linaonyesha masizi yamegandana na oili imechoka. Mduara mpana wa unyevu mwepesi pembeni unaashiria mafuta.

Kipimo cha tatu ni cha chupa. Injini ikiwa imelala usiku mzima, legeza nati ya kumwagia oili taratibu kabla ya kuwasha, kinga kwenye chupa safi, kisha uikaze. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo maji ambayo hayajachanganyika hutoka kwanza.

Kipimo cha nne ni sumaku ndogo iliyofungwa kwenye mfuko mwembamba wa plastiki na kuzamishwa kwenye oili iliyomwagwa.

Vipimo hivi havichukui nafasi ya maabara. Mwenye magari mengi anaweza kupeleka sampuli kwa kampuni za oili au za mitambo zinazotoa huduma ya uchambuzi. Sampuli ichukuliwe oili ikiwa ya moto, katika chupa safi, ikiwa na namba ya gari, kilomita na tarehe.

MAGARI YA IT NA WANUNUZI WA MAGARI YALIYOTUMIKA

Magari madogo yanayotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Zambia, Malawi na Congo kwa kuendeshwa, maarufu kama magari ya IT, yana hatari yake ya pekee. Gari limekaa kwenye yadi na melini kwa wiki kadhaa au miezi. Halafu linawashwa na kukimbizwa zaidi ya kilomita 900 hadi Tunduma, likipandishwa Kitonga, na dereva ambaye si lake na analipwa kwa kufikisha.

Mwenye mali adai mambo matatu kabla gari halijatoka yadi: dipstiki ipigwe picha, maji ya rejeta yakaguliwe gari likiwa baridi, na umri wa oili ukishindikana kujulikana, oili na filta vibadilishwe. Lita nne au tano za oili ya gari dogo ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kulipokea gari Nakonde likiwa limenoki. Picha ya pili ipigwe mpakani, ili ijulikane tatizo lilianzia mkononi mwa nani.

Kwa anayenunua gari lililotumika hapa hapa, ajihadhari na oili safi kupita kiasi. Muuzaji anaweza kumwaga oili yenye maji asubuhi ile ile. Mwingine huweka oili nzito kuliko inayotakiwa ili kuficha mgongo wa injini. Kwa hiyo usitosheke na dipstiki. Angalia chini ya kizibo cha oili, ndani ya rejeta, na omba gari liendeshwe mpaka lipate moto, kisha upime tena.

HESABU YA KUSIMAMA AU KUENDELEA

Swali gumu ni la dereva aliyegundua tatizo akiwa njiani. Mwenye gari anapigiwa simu, naye husema, "Jikongoje tu mpaka ufike." Tuipime kauli hiyo kwa mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia na si bei za soko; weka za kwako.

Tuseme kusimama na kumwita fundi kunagharimu siku 2 za kazi kwa Sh 200,000 kila siku, pamoja na Sh 300,000 za fundi na usafiri wake. Jumla ni Sh 700,000. Tuseme injini ikifa, matengenezo makubwa ni Sh 15,000,000 na gari linakaa siku 14 bila kazi, yaani Sh 2,800,000. Jumla ni Sh 17,800,000.

Gawanya 700,000 kwa 17,800,000. Unapata takribani 4 kwa 100. Maana yake ni kwamba kama uwezekano wa injini kufa kabla ya kufika umezidi 4 katika 100, kusimama ni nafuu. Hakuna fundi atakayekuambia kwamba injini yenye oili ya rangi ya chai ya maziwa, iliyobeba mzigo na kupanda Sekenke, ina uwezekano mdogo kuliko huo. Na hapo hatujahesabu gharama ya kuvutwa wala hasira ya mteja.

MZIGO UKIWA NA LAKIRI

Gari la transiti likiharibika, dereva asifungue lakiri wala kuhamishia mzigo kwenye gari jingine kwa uamuzi wake. Kuhamisha mzigo ulio chini ya dhamana ya forodha kunahitaji kibali na usimamizi wa forodha. Ampigie mwenye gari na wakala wa forodha mara moja, ili taarifa itolewe na muda wa transiti usipite bila maelezo. Gari lenye kifaa cha ufuatiliaji likisimama muda mrefu mahali pasipo kituo huonekana kwenye mtandao wa forodha, na ni bora wapate maelezo kutoka kwako kabla hawajaanza kuuliza.

Hii ni sababu nyingine ya kupima oili kabla ya kupakia. Tatizo likionekana yadi, unabadilisha gari. Likionekana baada ya lakiri kufungwa, unaanza kuomba kibali.

UCHAGUZI WA OILI

Soma maandishi ya kopo. Herufi C huonyesha daraja la oili ya dizeli na S la petroli. Daraja la CI-4 lilianza mwaka 2002, CJ-4 mwaka 2006 na CK-4 mwaka 2016. Fuata kitabu cha gari, si ushauri wa muuzaji peke yake. Namba kama 15W-40 inaeleza uzito wa oili, haielezi ubora wake.

Oili bandia ipo mipakani, na nyingi hujazwa kwenye makopo halisi yaliyookotwa. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti, kagua sili ya kizibo, na ukimaliza kutumia oili toboa kopo. Oili chafu usiimwage ardhini wala kumpa mtu usiyemjua, maana inaweza kukurudia ikiwa na kizibo kipya.

KWA UFUPI

- Nyeusi kwenye dizeli: kawaida, fuata ratiba ya kilomita na saa.
- Utando mweupe kwenye kizibo tu: futa, safiri, kagua tena.
- Rangi ya chai ya maziwa kwenye dipstiki: zima injini, usiendelee.
- Nyepesi, inanuka mafuta, kimo kimepanda: usiendelee na mzigo, kagua nozeli na pampu, kisha badilisha oili.
- Nzito kama lami: badilisha oili na filta, rudia mapema.
- Inameta: tumia sumaku, kata filta, ukiona vipande au shaba, simamisha gari.

Kupima oili huchukua dakika chache na kitambaa cheupe. Mwenye magari akitaka kazi hiyo ifanyike, asimwadhibu dereva anayepiga simu kusema amesimama kwa sababu ya oili. Dereva akishaona kwamba kusema ukweli kunamkatia posho, siku nyingine ataifuta dipstiki, airudishe, na kuendelea na safari.